Kwenye kikao nina amani, kazini natetemeka

Shikamoo Shangazi,

Nimesoma majibu yako kwa muda mrefu nikidhani mimi sitakuja kuandika. Ni mwanamke wa miaka arobaini na kidogo, nimeolewa, nina watoto wawili, na kazi yangu ni kutunza stoo.

Mama yangu alipofariki nilikosa usingizi. Sisemi ule wa kukatikakatika. Nilikuwa nalala chali, macho makavu, mpaka alfajiri, halafu naamkia kazini kichwa kizito. Ibadani nilikwenda kama kawaida, lakini pale tuko mamia. Unaingia, unasikiliza, unatoka, na hakuna aliyegundua kwamba umevaa viatu tofauti kulia na kushoto, jambo ambalo lilinitokea kweli.

Jirani yangu akanialika kwake jioni moja. Alisema, "Njoo tu ukae, hutaulizwa kitu." Nikaenda. Tulikuwa watu wasiofika kumi, wanawake kwa wanaume, kila mmoja na dini yake au dhehebu lake. Tulikaa kimya muda mrefu hadi nikaanza kuona haya tumbo langu lilivyonguruma. Kisha mmoja akasoma maneno machache, wakaimba taratibu, halafu kila aliyetaka akasema lililo moyoni mwake. Hakuna aliyemkatiza mwenzake wala aliyehubiri. Ilipofika zamu yangu nilitamka neno moja, "Mama," nikalia. Wakaniacha nilie. Usiku ule nililala.

Tangu hapo sikosi, labda niwe naumwa. Hakuna ada, hakuna sadaka, hakuna kiongozi. Leo tunakaa kwa huyu, kesho kwa yule. Mume wangu hapendi. Anasema ni baraza la wambea waliochoka na ibada za kweli, na kwamba siku moja nitaambiwa nikabidhi akiba yangu. Hilo navumilia.

Linalonishinda liko kazini. Mkuu wangu wa kitengo hunitaka nisaini hati za kupokea mali ambayo haijatimia. Hati inasema katoni mia, mimi nimehesabu themanini. Nikiuliza anajibu, "Zilizobaki zinakuja, saini gari liondoke." Haziji. Siku hizi nikiliona gari linaingia getini tu, mikono inaanza kutetemeka. Nilidhani amani ninayoipata kwenye kikao ingenipa ujasiri wa kumwambia hapana. Badala yake nimekuwa watu wawili: yule wa jioni aliyetulia, na yule wa asubuhi anayeshika kalamu na kusaini.

Mwishowe nikalisema kikaoni. Mama mmoja mtu mzima, tunayemheshimu sote, akanishika mkono akaniambia, "Mwanangu, mwachie Mungu. Ukishindana na huyo bosi utaipoteza amani uliyoipata." Wengine wakaitikia. Nilirudi nyumbani nimetulia kweli. Gari lilipokuja tena, nikasaini tena.

Sasa najiuliza, Shangazi: hii amani ni ya kweli, au ni dawa ya usingizi tu? Niache kwenda? Au imani yangu ndiyo ndogo?

Mtunza Stoo

*

Marahaba, mwanangu, na pole kwa kuondokewa na mama.

Kwanza, usiache kwenda. Natanguliza hilo ili usiyasome yatakayofuata ukidhani nakutafutia sababu ya kutoka.

Amani uliyoipata ni ya kweli, na sehemu yake hata mwili unaweza kuishuhudia. Mwaka 2001 jarida la kitabibu la British Medical Journal lilichapisha utafiti wa daktari Mwitaliano, Luciano Bernardi, na wenzake. Waliwapima watu 23 wenye afya wakisali rozari kwa Kilatini, na pia wakirudiarudia maneno ya ibada ya Kibudha. Katika hali zote mbili pumzi zilishuka hadi kama sita kwa dakika, na mapigo ya moyo yakaingia katika mpangilio ambao mwili huupokea kama utulivu. Waliosoma uradi au kukaa katika halaka ya dhikri wanalijua hili bila kupimwa na mtu. Kimya kirefu na kuimba taratibu, ambavyo mnavyo kikaoni kwenu, navyo huituliza pumzi. Kwa hiyo usiione haya amani hiyo eti kwa sababu imekuletea usingizi. Mtu asiyelala hana hata nguvu ya kuogopa vizuri, sembuse ya kuwa jasiri.

Tena kuna lile la kuachwa ulie. Ukiwa umefiwa, kila mtu ana neno la kukunyamazisha: jikaze, ni mapenzi ya Mungu, angalau hakuteseka. Wewe ulipata watu wasiofika kumi walioweza kukaa na chozi lako bila kuharakisha likauke. Wengi hawajawahi kupata hata mmoja.

Ila tuwe wakweli kuhusu kilichopona. Kikao kimekusaidia kuubeba msiba, na kinachokutetemesha getini si msiba.

Barua yako imelipita jambo moja haraka. Umeandika kama kwamba unamwogopa mkuu wako, na bila shaka unamwogopa. Lakini nadhani mikono inatetemeka zaidi kwa sababu ya hati zilizokwisha kusainiwa. Siku wakaguzi watakapokuja, jina litakalokuwa chini ya katoni ishirini zisizoonekana ni lako, si lake. Wewe mtunza stoo unalijua hilo kuliko mimi. Basi usiuite mtetemeko huo udogo wa imani. Mikono yako imekwisha kufanya hesabu ambayo wenzako kikaoni hawakuifanya, na ndiyo maana maneno mazuri ya jioni hayakuweza kuituliza ilipofika asubuhi.

Nije kwa yule mama mtu mzima. Namheshimu, na sina shaka alikushika mkono kwa upendo. Lakini hapa sikubaliani naye. Kumwachia Mungu ni neno zito kwa mambo yaliyotutoka mikononi, na mauti ndiyo ya kwanza. Hii kalamu haijakutoka mkononi. Hukuandika dini yako nami sikuulizi, kwa hiyo nichukue huku na huku. Katika Sahihi ya Bukhari, mkusanyiko wa hadithi za Mtume Muhammad, imo hadithi ambayo Mtume alisema umsaidie ndugu yako akiwa amedhulumiwa au akiwa ndiye anayedhulumu. Alipoulizwa huyu wa pili anasaidiwaje, akajibu kwamba ni kwa kumzuia asidhulumu. Kwa mizani hiyo, kumkatalia mkuu wako saini ni kumtendea wema, hata kama hatakushukuru. Na katika Biblia, Waebrania sura ya 10, wanapohimizwa waumini wasiache kukusanyika, mstari ulio kabla yake tu unataja kuhimizana katika upendo na kazi nzuri. Hakuna mahali walipoambiwa wakusanyike ili watulizane, kisha basi.

Historia nayo haiungi mkono wazo kwamba kikao cha sebuleni ni cha kupumzikia tu. Uamsho wa Afrika Mashariki, vuguvugu la Kikristo lililoshika kasi miaka ya 1930 likianzia Gahini, Rwanda, na kusambaa Uganda, Kenya na Tanganyika, liliendeshwa kwa kiasi kikubwa na walei, yaani waumini wasio makasisi, waliokutana kwa vikundi, wakiungama mbele ya wenzao na kuimba Tukutendereza, wimbo wa sifa wa Kiganda. Walikosolewa kwa mengi, na baadhi ya lawama zilikuwa za haki, maana kuungama hadharani kunaweza kugeuka kuwa kushindana kwa aibu. Lakini alama mojawapo ya mtu aliyeguswa kweli ilikuwa kwamba baada ya kikao aliondoka akarudisha alichoiba au akalipa alichodhulumu. Machozi ya kikaoni yalikuwa na safari ya kwenda mahali.

Kwa hiyo swali lako la dawa ya usingizi nalijibu hivi: amani yako ni ya kweli, lakini wenzako wamekupangia kazi ndogo mno ya kuifanyia. Wamekufundisha kuilinda, na mtu anayeilinda amani muda wote huishia kumwogopa kila anayeweza kuivuruga. Tayari unamwogopa mkuu wako. Usije ukaanza kuiogopa na kweli yenyewe.

Sasa ujasiri unatoka wapi? Wengi hudhani ni kitu cha kifuani, ama unacho ama huna. Miaka ya 1950 mwanasaikolojia Solomon Asch wa Marekani aliwaketisha watu pamoja akawaonyesha mistari, waseme upi unalingana kwa urefu na mwingine. Jibu lilikuwa wazi kabisa. Ila wote waliokuwemo, isipokuwa mmoja, walikuwa wamepangwa kimyakimya waseme jibu moja la uongo. Yule mmoja, huku macho yake yakimwonyesha ukweli, alifuata uongo wa wenzake takriban mara moja katika kila tatu. Kisha Asch akabadilisha jambo moja tu: akamweka mtu mwingine mmoja wa kusema ukweli. Kufuata uongo kukashuka hadi kama robo ya pale mwanzo. Angalia kwamba hakuwahubiria watu wale kuhusu ujasiri. Aliwapa mwenzi mmoja tu.

Hilo ndilo ulilolikosa kikaoni, mwanangu. Ulipata faraja ya wengi na hukupata mwenzi hata mmoja. Walipoitikia wote kwa pamoja, ulirudi stoo ukiwa peke yako kuliko ulivyokwenda.

Ninalokushauri ni kuwaomba kitu tofauti na ushauri. Waquaker, kundi la Kikristo ambalo watu wake huitwa pia Marafiki, wameabudu kwa kukaa kimya tangu katikati ya karne ya 17 huko Uingereza, na wana desturi ambayo kikao chenu kinaweza kuiazima bila kubadili dini ya mtu. Ilianza kama njia ya kuwahoji wachumba kabla ya ndoa, na baadaye ikawa ya yeyote aliyekwama njia panda. Mwenye jambo huliandika kwanza kwenye karatasi, kisha huchagua watu wachache anaowaamini, wanne au watano hivi. Wanakaa kimya. Halafu kazi yao ni moja tu: kuuliza maswali ya kweli, maswali ambayo anayeuliza hajui jibu lake. Hakuna kushauri, hakuna kusimulia yaliyompata shemeji yangu, hakuna mstari wa kitabu. Mwenye jambo hujibu akitaka, akikataa anaachwa. Yaliyosemwa hayatoki nje, na kikao kikiisha hakuna anayemfuata njiani kumwambia, "Lakini ungejaribu..."

Ni vigumu kuliko inavyosikika. "Huoni kwamba ungemweleza mkubwa wake?" hilo ni agizo lililowekewa alama ya kuuliza, na mtakuwa nayo mengi siku ya kwanza. Swali ni kama hili: ukikataa kusaini, unachoogopa kupoteza hasa ni nini? Ni lini mara ya mwisho ulimwambia mtu hapana, na ilikuwaje? Katika haya yote, lipi ungependa mama yako angelijua? La mwisho hilo wakuulize tu kama una nguvu ya kulijibu.

Kisha mwombe mmoja wao awe mwenzi. Simaanishi aje stoo. Akupigie simu asubuhi ya siku ya gari, na akupigie tena jioni kukuuliza uliandika ngapi. Kule kujua kwamba jioni utaulizwa kutakusaidia kuliko hotuba kumi za kutiwa moyo.

Na getini usihutubie mtu. Usimwite yeyote mwizi. Hesabu mbele ya dereva, kisha sema, "Nimehesabu themanini, naandika themanini." Andika idadi hiyo kwenye hati kwa tarakimu na kwa maneno, na dereva atie saini pale pale penye upungufu. Jizoeze sentensi hiyo kikaoni kwa sauti, hata wacheke. Utatetemeka bado siku ya kwanza, na mwandiko wako utakuwa mbaya. Themanini iliyoandikwa vibaya bado ni themanini.

Kuhusu hati za nyuma, hapo nenda taratibu. Kabla hujakiri chochote kwa mtu yeyote kazini, zungumza na mwanasheria au chama cha wafanyakazi kama kipo, kwa sababu utakachosema kinaweza kutumiwa dhidi yako. Nyumbani andika unachokumbuka: tarehe, idadi, nani alisema nini. Usibebe nyaraka za mwajiri kutoka ofisini bila kuambiwa na mjuzi wa sheria kwamba unaruhusiwa. Na hayo usiyatandaze kikaoni yote. Wenzako si wakili wako, na usiri wa watu kumi ni usiri wa kuombewa dua.

Siwezi kukuahidi kwamba hutafukuzwa. Anayekuambia ukisimama na haki mambo yatanyooka tu hajawahi kulipa karo za watoto wawili. Na hapo ndipo namrudia mume wako, maana hilo unalolivumilia mimi sidhani ni dogo.

Barua yako nzima haisemi kama anajua habari za stoo. Kama hajui, basi wageni sebuleni kwa jirani wanajua kuhusu mkewe jambo linaloweza kuiondoa riziki ya nyumba, naye hajui. Hata bila kuambiwa, mtu hulihisi. Neno lake la wambea ni la ukali, lakini huenda chini yake kuna mtu anayeona mkewe anaondoka nyumbani ana mzigo na kurudi hana, na mzigo ule hakuonyeshwa. Mwambie kabla ya kikao kijacho, na mwambie kama mtu anayehitaji kupanga naye: tukikosa mshahara huu miezi mitatu, tutaishije? Kumwambia hivyo nako kunataka ujasiri, pengine zaidi ya ule wa getini. Kuhusu akiba yako, hofu yake si ya kipuuzi. Vikundi vya namna hii vimewahi kuwafilisi watu. Mweleze wazi kwamba hakuna fedha, hakuna mkubwa, na kutoka ni ruhusa. Siku lolote katika hayo litakapobadilika, au mtu akianza kuambiwa aache dawa za hospitali kwa sababu ameombewa, ondoka siku hiyo hiyo na usirudi kuaga.

Nawe pia, kama usingizi utakukimbia tena wiki nyingi, au ukaanza kuona afadhali usiwepo, hilo lipeleke kwa daktari mapema. Kikao kitakuwepo ukirudi.

Unapochagua hao wanne au watano, mwombe na yule mama mtu mzima awe mmoja wao. Usimkwepe kwa sababu ya alichosema. Watu wazima wa namna yake mara nyingi wamewahi kusimama mahali kama pako wakaona hawana njia isipokuwa kunyamaza, na wakakipa kunyamaza huko jina zuri. Mweleze kanuni kabla hamjaanza: ni kuuliza tu, na akishindwa kujizuia, anyamaze.

Shangazi